Wageni wa Chiriku

Machi 2

Mvua ya kwanza leo, na dari ya chumba changu haikupoteza wakati. Kabla sijavua viatu tone lilishaangukia mto. Mwenye nyumba aliniahidi tangu kiangazi kwamba fundi yuko njiani. Nadhani fundi huyo anakuja kwa magoti. Nimeweka ndoo.

Nimeamua kuandika msimu huu, kwa sababu ni mvua ya kwanza tangu Chiriku atibiwe. Chiriku ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka sita, na jina hilo nilimpa mimi kwa kuwa mdomo wake haujui kupumzika. Alizaliwa na seli mundu. Kila mwaka baridi ya mvua ikiingia, mifupa yake ilikuwa ikimwaka moto, analia mpaka sauti inakauka, na sisi tunahamia wodini. Mwaka jana mvua nzima aliiona kupitia dirisha la hospitali. Mwaka huu tutaona.

Machi 3

Ndoo imejaa. Nimemwaga.

Machi 5

Nimeshinda kwa kaka. Mwenyewe hayupo, yuko safarini na lori lake kama kawaida. Nimemkuta wifi anasuka mteja sebuleni, redio juu, chungu jikoni kinaungua. Wifi yangu ni hamnazo, nasema hivi kwa upendo kiasi. Anacheka mpaka majirani wanachungulia, na vidonge vya mtoto nimewahi kuvikuta ndani ya kopo la vibanio vya nywele. Nikimwambia, ananijibu, "Sawa, wifi, daktari wetu," huku akimkonyeza mteja.

Chiriku alinipandia mapajani. "Shangazi, hivi mlinitia nini kwenye damu?"

Nikamweleza kwa namna yake. Kila seli ya damu yake ina nyumba ndefu yenye vyumba vingi mno. Sisi tulichukua seli shina, zile mama wa damu, kutoka kwenye uboho wake, tukampakia mgeni kwenye kirusi tulichokwisha kuking'oa meno, tukamwingiza mgeni huyo ndani ya nyumba. Mgeni anajua kazi moja tu, kutengeneza damu nzuri. Halafu tukamrudishia seli zake.

"Mlimwambia alale chumba gani?"

"Hatuwezi kumwambia. Anachagua mwenyewe. Kwenye kila seli anachagua chumba kingine."

"Na kama chumba kina mtu?"

"Chumba si tatizo sana. Tatizo ni jirani. Kuna majirani wamelala, na wanatakiwa waendelee kulala. Wakiamka wanafanya fujo."

Alifikiri, kidole kinywani. "Basi wageni wangu wavue viatu."

Wifi alicheka mpaka chanuo likamdondoka. Na mimi nilicheka. Ndiyo kazi yangu yote ya miaka hii, nimeitolea jasho, na mtoto ameisema kwa maneno matano.

Machi 9

Siku ya damu. Watoto wanne tuliowatibu huja hospitali mara moja kwa mwezi. Sista anawatoa damu huko ghorofani, halafu chupa nne zinashushwa ndani ya kisanduku hadi kwetu maabara. Hazina majina. Kila mtoto ana kibandiko cha rangi yake: buluu, njano, kijani, zambarau. Rangi ipi ni ya nani wanajua Sista na Mkuu wetu wa maabara tu.

Hilo lilikuwa sharti la Mkuu siku alipokubali mtoto wa kaka yangu aingie kwenye matibabu haya. Aliniambia, "Wewe ndiye unayetuangalizia. Ukishajua unamwangalia nani, utaona unachotaka kuona." Nilikubali bila kubisha. Siku ya damu sipandi ghorofani hata kwa kuitwa.

Machi 13

Majibu. Ninachofanya ni hiki. Mgeni akishashika chumba chake ndani ya seli, seli hiyo ikizaa, watoto na wajukuu wake wote wanazaliwa na mgeni yuleyule kwenye chumba kilekile. Kwa hiyo nikisoma damu naona koo, na ukubwa wa kila ukoo. Damu nzuri ina koo nyingi ndogondogo, hakuna unaojiona. Ninachokiogopa ni ukoo mmoja kuanza kuwapita wenzake. Maana yake huenda mgeni amekaa ubavuni mwa jeni la ukuaji na ameliamsha, na mwisho wa njia hiyo ni saratani ya damu. Ilishatokea kwa wengine, zamani, kwa virusi vya mtindo wa kale. Chetu tumekiwekea kuta pande zote mbili ili kelele za mgeni zisipite. Tulizisifu sana kuta hizo.

Buluu safi. Njano safi. Kijani safi. Zambarau ina ukoo mmoja uliofika sehemu moja ya ishirini ya damu yote. Mwezi uliopita haukuwapo, au sikuuona.

Mkuu aliutazama akikuna kidevu. "Bado mchanga. Tuutupie jicho." Kisha akageukia ubao wa ukutani tunapochora namna damu nzuri inavyopanda kwa kila mtoto. Mstari wa zambarau uko juu ya wote. "Bingwa wetu huyu," alisema, na vijana wa maabara wakapiga makofi. Nami nilipiga, nusu nusu.

Machi 14

Mvua. Ndoo.

Machi 21

Nywele za Chiriku zilinyonyoka zote wakati ule wa dawa kali za kusafisha uboho. Sasa zimeota kiasi cha kushikika, na leo wifi amemsuka kwa mara ya kwanza. Misuko myembamba, mifupi, mingine haizidi kucha. Ameshughulika nayo tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, wateja wawili wakisubiri na kununa. "Nywele hizi nimezidai muda mrefu," aliwaambia, "mtangoja." Chiriku alizunguka nyumba nzima akijitazama kwenye kila kioo na kila sufuria.

Kuna baridi leo, ile ya kuingia kwenye mifupa. Nilimuuliza kama kuna mahali panauma. Aliniangalia kana kwamba nimeuliza kama ana mkia.

Machi 28

Simu ya wifi alfajiri. Niliruka kutoka kitandani, maana kwa miaka sita simu ya alfajiri msimu huu ilikuwa na maana moja. Nikapokea. Alikuwa Chiriku. "Shangazi, uani kuna dimbwi kubwa, nimeruka katikati!"

Nimelia kidogo nikipiga mswaki. Ni furaha, nadhani.

Aprili 2

Wafadhili na waandishi wa habari wanakuja mwezi ujao. Mkuu amenunua suti. Suruali inambana, lakini hakuna aliye na ubavu wa kumwambia.

Aprili 6

Siku ya damu, na mvua imefanya kweli. Tangu jana usiku haijakatika. Barabara ya kwenda upande wa kina kaka imekatika. Kaka alinipigia kutoka huko mbali alikokwama na lori lake.

"Daraja limezama, dada. Nimempigia wifi yako, nimemwambia wasitie mguu nje. Damu itangoja."

"Itangoja," nilisema. "Mtoto asilowe, ndiyo kwanza amepona."

Kisanduku kiliposhuka kilikuwa na chupa tatu. Buluu, kijani, zambarau. Nilisimama nimeshika kifuniko. Sikuitafuta habari hii, imenijia yenyewe mpaka mezani: njano ni Chiriku.

Nilipaswa kwenda kwa Mkuu pale pale nimwambie rangi imejulikana. Sikwenda.

Aprili 8

Maji yamepungua. Njano imeletwa leo.

Aprili 10

Nimesoma njano kwanza. Najua sikutakiwa kuwa na haraka na rangi yoyote, lakini mkono ulikwenda wenyewe. Ni safi. Koo nyingi, ndogo, zimetulia. Niliegemea kiti nikacheka peke yangu.

Kisha nikasoma zambarau. Ule ukoo umefika sehemu moja ya tano ya damu yote. Nimetazama na chumba alichokaa mgeni wake. Jirani ni jeni la ukuaji. Si lile baya kuliko yote, lakini ni la ukuaji.

Nataka niandike kama ilivyokuwa. Kitu cha kwanza kilichonipita moyoni hakikuwa hofu, kilikuwa ahueni. Nilisema kwa sauti, "Afadhali si wetu." Halafu niligeuka kuona kama kuna mtu amesikia.

Nikampelekea Mkuu. Aliusoma ukurasa, akaurudia, akavua miwani. Kanuni yetu, tuliyoiandika sisi wenyewe, inasema ukoo ukifika hapo upimwe tena siku ya damu inayofuata kabla ya kumtia mzazi hofu. Ila msomaji, yaani mimi, anaweza kuomba upimwe mara moja.

"Nataka nikusikie," alisema Mkuu. "Unaomba irudiwe sasa? Sema neno, Sista atamwita mtoto kesho asubuhi."

Nikamwambia barabara ni mbaya. Nikamwambia mama wa watu tutamtia kiwewe kwa kitu ambacho huenda kitatulia chenyewe, maana vipo vilivyowahi kutulia. Nikamwambia kanuni ni kanuni. Kila neno lilikuwa la kweli.

"Una uhakika?" aliuliza.

"Ninao."

"Nakuuliza mara ya pili. Una uhakika?"

Alinitazama muda mrefu kuliko kawaida yake. Nilidhani anaogopa wageni wake wa mwezi ujao, anataka nimbebee mzigo. Nikaona kumbe ni mtu wa kujipenda tu, na suti yake. "Tusubiri," nikasema.

Akavaa miwani. "Haya. Tusubiri."

Aprili 11

Jua kidogo. Nimeanika mto.

Aprili 15

Nimekutana ukumbini na mama wa yule mvulana mwenye miwani, mmoja wa wanne wetu. Alikuja kuchukua vidonge. Aliniambia mwanawe siku hizi anachoka mapema na chakula hakimpandi. Nikajua: zambarau ni huyu. Nilihisi nimeona jeneza likipita na mfiwa yuko mlangoni anauliza bei ya nyanya. Nikampa mwavuli wangu.

"Na wewe je?" alisema.

"Mimi nakaa hapa karibu."

Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniombea heri. Nilifika nyumbani nimelowa chapa chapa nikijiona mtu mwema.

Aprili 19

Ndoo. Mwenye nyumba amekuja mwenyewe, ametazama dari, amesema, "Kweli inavuja." Akaondoka.

Aprili 22

Kwa kaka. Kaka amerudi, kanenepa. Chiriku ana alama nyeusi mbili kwenye muundi na moja mkononi. Nilimuuliza wifi. "Si anaruka madimbwi kutwa?" alisema. "Zamani nilikuwa namkataza hata kutembea haraka. Acha aanguke kidogo, wifi."

Nilimgombeza. Nilisema mtoto aliyetibiwa kwa jasho la watu wengi haachiwi kugaragara kama mpira. Kaka akaingilia, "Dada, basi." Wifi aliinama akaendelea kumfunga mtoto viatu.

Aprili 24

Mvua.

Aprili 27

Chiriku amelala mchana kwa hiari yake. Wifi amenipigia kunitania, "Daktari wetu, leo kasuku wako kanyamaza." Nikamwambia amechoka kucheza, ampe maji mengi. Baadaye nimekaa na simu mkononi bila kujua nataka kumpigia nani.

Mei 1

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia kwenye uji.

Nilikwenda kwa kaka leo, siku ya mapumziko. Wifi alikuwa dukani. Chiriku alikuwa kitandani, nikamnywesha uji kwa kijiko, maana alisema fizi zinauma. Kijiko kilitoka na wekundu kwenye ukingo. Nikasema moyoni ni jino linataka kutoka, ana miaka sita, ni umri wa meno.

Ili achangamke nikamuuliza habari za madimbwi yake. Akasema madimbwi ni madogo, yeye ameona maji makubwa. Yapi? Akaziba mdomo kwa viganja viwili. Nilicheka, nikamtekenya. Chiriku na siri havijawahi kukaa chumba kimoja.

"Usimwambie baba," alisema.

"Simwambii."

"Siku ile daraja limezama, mama alinibeba mgongoni. Alinifunga na kanga mbili. Maji yalifika hapa." Akaonyesha kifuani kwake, kisha akasahihisha, "Hapa kwa mama." Akagusa kiuno changu. "Kulikuwa na kamba, watu wameishika. Mama alikuwa anaimba ili nisitazame chini. Halafu tukapanda gari la mchanga. Sista akatupa taulo."

"Mlikwenda wapi?"

"Kutoa damu! Mama alisema tukikosa hata mara moja, shangazi hataona wageni wangu."

Bakuli lilikuwa mkononi mwangu na niliendelea kulishika. Nilimuuliza tena, polepole, ni siku ileile daraja lilipozama, au siku baada yake? Siku ileile. Mvua ilikuwa inanyesha? Ilikuwa inanyesha sana, shangazi, hata Sista alisema mama ni kichaa.

Kwa hiyo alifika. Chupa yake ilikuwa miongoni mwa zile tatu. Aliyekosa ni mtoto mwingine, na njano ile niliyoichekea peke yangu ni ya mtoto mwingine. Nikamtazama mguuni. Zile alama nyeusi zilikuwa tano sasa. Nikatazama kijiko. Hivyo ndivyo saratani ya damu inavyoanza kujionyesha.

Wifi akarudi na mkate. Aliniona uso. "Vipi, wifi? Umeona nyoka?" Nikasema kichwa kinaniuma. Nilitoka nikatembea kwenye mvua mpaka nyumbani kwa Mkuu, sikupanda kitu chochote, sikumbuki hata barabara.

Alinifungulia akiwa na kaptura na fulana. Nilisema neno moja tu. "Zambarau."

Alishika kitasa cha mlango.

"Niambie kwamba si yeye."

"Siruhusiwi kukujibu."

"Umeshanijibu."

Alinivuta ndani, akanipa kiti, sikukaa. Nilimtolea kila neno baya nililonalo. Wewe ulijua! Ulikaa ukanitazama, ukaniacha niseme tusubiri kwa damu ya mtoto wetu! Mkewe alitoka jikoni, akarudi jikoni.

"Nilijua," alisema Mkuu. "Kama ningeagiza mwenyewe, ungejua ni nani kwa kuniangalia tu. Nikaona ni lako kuamua, bila kujua. Nikakuuliza. Nikakuuliza tena." Alikuwa anakunja na kukunjua mikono. "Na pia kulikuwa na wageni wanakuja. Sitakudanganya. Ulivyosema tusubiri, nilishukuru."

"Na mimi nilishukuru," nikamwambia. Nikamweleza njano. Nikamweleza mwavuli.

Kisha alichukua simu akampigia Sista, amwite Chiriku kesho asubuhi.

Mei 2

Amekuja. Damu na uboho. Nilipanda ghorofani kwa mara ya kwanza.

Mei 4

Karibu nusu ya damu yake ni ukoo mmoja. Kwenye uboho seli zimeanza kuwa na sura mbaya. Mkuu anasema ni mwanzo wa saratani ya damu, mwanzo kabisa. Nilimuuliza kama mwezi ule ungetosha kubadili kitu. "Usiniulize hilo," alisema. "Na usijiulize." Nimeshajiuliza tangu asubuhi, mara nyingi kuliko matone ya ndoo.

Ziara ya wafadhili imefutwa. Matibabu yamesimamishwa, hakuna mtoto mpya. Watatu waliobaki watasomwa kila wiki.

Mei 6

Mkuu amewaambia kaka na wifi, mimi nikiwa pale. Alisema yote vizuri, hakujificha. Alisema dalili ya kwanza ilionekana mwezi Machi, ikakua mwezi Aprili, ikasubiriwa kwa mujibu wa kanuni. Kaka aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. Wifi, ambaye nilidhani atapiga kelele jengo zima lisikie, aliuliza maswali. Dawa gani. Kwa muda gani. Atatapika? Atakaa chumba cha peke yake? Naruhusiwa kulala naye? Alitoa kalamu kwenye nywele zake akaandika majibu kiganjani.

Mpango ni huu. Dawa kali tena, kali kuliko zile za kwanza, ziue kila kitu kwenye uboho. Uboho wa kaka haulingani, wala wa wifi. Lakini kabla ya matibabu tuliweka akiba ya seli za Chiriku za mwanzo, zile ambazo hazijawahi kupokea mgeni yeyote. Zimegandishwa kwenye jokofu letu. Tutamrudishia hizo.

"Hizo si ndizo zenye ugonjwa?" wifi aliuliza.

"Ndizo," alisema Mkuu.

"Kwa hiyo mkifanikiwa, maumivu yake yanarudi."

"Tukifanikiwa, ndiyo."

"Na msipofanikiwa?"

Mkuu alimtazama usoni, akamwambia. Namheshimu kwa hilo. Wifi akaandika na hilo, kisha akakunja kiganja.

Mei 9

Kaka hajasafiri. Anakaa kwenye benchi la ukumbini, watu wanamruka miguu.

Mei 11

Chiriku ameniita nikae kitandani. "Shangazi, kuna mgeni hakuvua viatu?"

"Mmoja," nikasema.

"Jirani kaamka?"

"Kaamka."

"Mtu mbaya?"

"Hapana, mama. Alikuwa amelala tu."

Aliniuliza kama nilimsikia jirani akiamka. Nikasema nilisikia mlango, nikadhani ni wa nyumba nyingine. Alitikisa kichwa kama mtu mzima anayeelewa, kisha akaomba maji.

Mei 13

Mvua imekata. Sijui hata ni tangu lini. Ndoo ni kavu na nilikuwa sijaona.

Mei 14

Dawa zinaanza kesho. Sista alimwambia wifi ni vizuri misuko ifumuliwe kabla, maana nywele zikianza kutoka zinajifunga na kumvuta mtoto. Nilimkuta wifi amekaa kitandani nyuma ya Chiriku, chanuo la mkia mdomoni, anafumua. Chiriku alikuwa anasinzia, kichwa kimeegemea mto. Kaka alikuwa nje kwenye benchi lake.

Nilikaa kwenye kiti cha wageni. Kila msuko ulipofunguka, wifi aliunyoosha kwa vidole viwili, akaulaza, akachukua mwingine.

"Mkuu wenu alisema tangu Machi mliona," alisema bila kuniangalia. "Wewe ulijua lini?"

Nilikuwa nimeandaa jibu. Nilikuwa na majibu matatu, yote yana kanuni ndani yake. Nikasema, "Niliona kidogo Machi, Aprili nikaona imekua. Sikujua ni wake. Nilidhani hamkufika siku ile, kwa sababu ya daraja. Nikadhani ni wa mtoto mwingine."

Mikono yake ikasimama. "Ukadhani ni wa mwenzangu."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Niliulizwa kama irudiwe mara moja. Nilisema tusubiri."

"Kama ungejua ni wetu?"

"Ningeomba siku hiyohiyo, wifi. Ningekwenda kumchukua mwenyewe."

Alitoa chanuo mdomoni, akaliweka kwenye shuka. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Alitazama ukuta, kisha akasema kwa sauti ya chini, mtoto asiamke, "Mimi siku ile nilivuka maji, wifi. Watu waliniambia rudi, mume wangu aliniambia usitoke. Nilivuka ili wewe usikose damu yake."

Hata samahani, nilipoitafuta, ilikuwa ndogo mno kuitoa mbele yake. Nililia kimya kimya, nimeshika ukingo wa kiti. Yeye hakulia. Hakusema amenisamehe, na sidhani kama ataisema.

Baada ya muda aliokota chanuo lake. Alikuwa na chanuo jingine kwenye mkoba, akalitoa akaninyooshea, bado haniangalii.

"Fumua upande huo. Taratibu, usimvute."

Nikasogeza kiti. Nikaanza na msuko wa nyuma ya sikio, ule mfupi kuliko yote.